Chokaa ya Bi Mashavu

Hapo zamani za kale, kale kweli lakini si kale ya ujinga, wanyama walikuwa na chuo kikuu chao juu ya kilima. Anayetaka kuuliza tembo anashikaje kalamu akamuulize mwalimu wake. Hapa tunasikiliza.

Mkuu wa chuo alikuwa Profesa Tembo, na joho lake lingetosha kuezekea banda. Wakubwa wengine walikuwa wengi, lakini sisi tunamhitaji mmoja tu, Bwana Ngiri, Afisa Usafi. Ngiri alikuwa na meno ya kutisha na mkia uliosimama wima kila alipokimbia, na alikimbia kila alipoitwa na mkubwa. Akifika anapiga magoti. Ngiri wote hula kwa magoti, hilo mnalijua. Huyu alizidi, alizungumza kwa magoti pia.

Nyuma ya kilima palikuwa na korongo, na katika mawe ya korongo alikaa Bi Mashavu, pimbi, pamoja na mumewe, wifi yake Bi Subira, na ukoo mzima wa pimbi. Pimbi ni kama sungura aliyenyang'anywa masikio na mkia, akapewa kitambi badala yake. Lakini ana undugu na tembo, undugu wa mbali wa kucha na meno. Pimbi huutaja kila akipata nafasi, na tembo hukohoa kila ukitajwa.

Tena pimbi wana desturi yao. Ukoo mzima huenda haja mahali pamoja, mwamba ule ule, tangu babu mpaka vitukuu. Mtoto akikosea mara moja anachapwa, na harudii. Mnacheka nini? Wapo humu ndani wanaohitaji kufunzwa na pimbi, na majina ninayo.

Sasa kile chuo kilikula, kikanywa, kikaandika, kikatupa. Kila asubuhi Ngiri alikuja na mkokoteni, ngwara, ngwara, ngwara, mpaka ukingoni mwa korongo, akainua mikono ya mkokoteni juu, na puuu! Chupa za maji, mifuko, sahani za kantini, wali uliochacha, maganda ya ndizi, magodoro yaliyotoboka, karatasi za mitihani ya waliofeli na ya waliofaulu, vyote vikateremka kwenye paa la Bi Mashavu.

Na msidhani chuo kilikosa mapipa. Kilikuwa nayo, ya rangi rangi, la kijani la maganda, la bluu la karatasi, la njano la chupa. Yalizinduliwa kwa ngoma. Wanafunzi wakatenganisha takataka zao kwa adabu, hili huku, lile kule. Kisha Ngiri akapita na mkokoteni wake mmoja, akayamimina yote pamoja, akaenda kumwaga korongoni.

Harufu Bi Mashavu aliivumilia. Inzi aliwavumilia. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa masika. Mwaka uliopita maji yaliteremka na takataka mpaka kizingitini pake. Mwaka huu lundo lilikuwa limekua, limeziba korongo lote juu ya pango lake, na ndani ya pango alikuwa na vichanga ambao bado hawajajua kupanda jiwe. Mvua moja ya maana ingelisukuma lundo zima mlangoni, na hapo hakuna mtoto ambaye angetoka. Kuhama nako hakukuwezekana. Mawe mengine yote ya kilima kile yalikuwa mikononi mwa Chui, na Chui hapangishi nyumba, anakula wapangaji.

Basi Bi Mashavu akajifunga kanga, akapanda kilima mpaka ofisini.

"Shikamoo, Mjomba Profesa."

Tembo akakohoa. "Marahaba. Lakini hapa ofisini mimi si mjomba."

Bi Mashavu akamweleza habari za lundo, mvua na vichanga. Profesa Tembo alimsikiliza vizuri sana, macho ameyafumba. Alipomaliza, akamwambia suala lake ni zito, na kwa kuwa ni zito haliwezi kuamuliwa na mtu mmoja, litaundiwa kamati.

Kamati ikaundwa. Ikakaa. Ikala chakula cha mchana, wali na kuku katika vifuko vya plastiki. Na jioni ile ile vifuko vile vikamwagwa wapi? Puuu! Juu ya paa la Bi Mashavu.

Siku za mahafali zikakaribia, na mawingu ya masika nayo yakaanza kujikusanya upande wa pili kama watu wanaosubiri kuitwa.

Mgeni rasmi kila mwaka alikuwa Mzee Kifaru. Kilima chote kilikuwa chake, chuo kilikaa pale kwa hisani yake, kwa hiyo Mzee Kifaru akipiga chafya, Profesa Tembo alimwombea afya. Macho ya mzee yalikuwa hafifu. Haoni tembo akisimama kwenye kivuli. Ndiyo maana Ngiri alipanga mawe kando ya barabara, kutoka njia panda mpaka lango kuu, akayapaka chokaa. Mzee Kifaru akifika njia panda, anafuata weupe wa mawe mpaka ukumbini. Pua yake lakini, hiyo ilikuwa nzima mno. Kwa ajili ya pua Ngiri aliimwagia barabara marashi, na mzee alipiga chafya njia nzima mpaka akasahau kunusa.

Bi Mashavu alikuwa amelala kifudifudi juu ya jiwe lake, anaota jua, anamtazama Ngiri anavyohangaika. Kila penye jiwe jeupe, palifagiliwa. Palipandwa maua. Hata kijiti cha kiberiti hakikuachwa. Na kila kilichofagiliwa mbele kilikuja kumwagwa nyuma. Kisha Ngiri alipomaliza kupaka, ndoo za chokaa zilizobaki nazo akazitupa korongoni, mojawapo nusu imejaa. Ikabingirika, ikasimama wima mlangoni kwa Bi Mashavu.

Bi Mashavu akaitazama ndoo. Akayatazama mawe meupe kule juu. Akamwita wifi yake.

"Wifi, hebu nijibu. Hawa wakubwa wanafagia wapi?"

"Kwani wewe huoni? Anapopita mgeni."

"Na wanajuaje anapopita mgeni?"

Bi Subira akafikiri kidogo. "Penye mawe meupe."

"Basi," akasema Bi Mashavu, na akatumbukiza tumbo lake zima ndani ya ndoo.

Bi Subira akadhani wifi yake amepandwa na wazimu kwa kunyonyesha bila kulala. Lakini pimbi hana mkia wa kufanyia brashi, na vidole vyake ni vifupi. Alicho nacho ni kitambi chenye manyoya. Bi Mashavu akatoka ndooni anachuruzika, akakumbatia jiwe la kwanza, akajisugua, chwaka, chwaka, chwaka. Alipoachia, jiwe lilikuwa jeupe kama yai.

Ilikuwa saa ya mchana, wakubwa wote wameshiba na wanakoroma ofisini mwao, heri hata kusikia radi. Ukoo mzima wa pimbi ukapanga foleni kwenye ndoo. Wakapaka mawe toka njia panda, wakashuka nayo korongoni, wakapita ubavuni mwa lundo, wakapanda upande wa pili mpaka mlango wa nyuma wa ukumbi. Halafu wakaenda kwenye barabara ya mbele. Huko kazi ilikuwa nyepesi, maana Ngiri alikuwa amepaka kila jiwe upande mmoja tu, ule unaoonekana. Wakayageuza. Weupe chini, udongo juu. Kwishnei.

Ngiri alipoamka akatoka nje kujinyoosha. Akaangalia mbele, mawe yake yamefifia. Akaangalia nyuma, njia nyeupe imeshuka korongoni kama uzi wa pamba. Mkia ukasimama. Akateremka mbio mpaka kwenye jiwe la Bi Mashavu. Bi Mashavu alikuwa amelala kifudifudi, kama siku zote, na nyuma yake wifi, mume na jamaa wote wamelala kifudifudi pia.

"Nani amepaka mawe huku?" akauliza Ngiri.

"Niulizwe mimi, kajitu ka korongoni?" akasema Bi Mashavu. "Wewe ndiye mkubwa wa usafi. Kumbe hukuambiwa?"

Neno lile lilimwingia Ngiri kama mwiba. Kila mkubwa ana hofu yake, na hofu ya Ngiri ilikuwa kwamba kuna mambo hupangwa huko juu bila yeye kuitwa.

"Nimeambiwa," akasema haraka. "Nani amesema sikuambiwa? Nilitaka tu kujua kama nyinyi mmeona."

"Tumeona, Bwana Ngiri. Sisi kazi yetu ni kuona tu."

Ngiri akapanda mbio kwa Profesa, akapiga magoti, akasema ameiona njia mpya ya mgeni rasmi imeandaliwa vizuri. Profesa Tembo, ambaye hakuwa na habari hata kidogo, alisogea dirishani akaitazama njia ile muda mrefu. Moyoni akawaza kwamba amri imetoka kwa Mzee Kifaru mwenyewe, na yeye, mkuu mzima wa chuo, amerukwa.

"Ndiyo," akasema. "Kwani wewe umeiona leo?"

"Niliiona mapema sana, Profesa. Nilikuwa nasubiri neno lako."

"Neno langu ndilo hilo. Sasa mgeni atapita ubavuni mwa lile lundo?"

Sikieni hilo! Kwa mara ya kwanza Profesa Tembo alisema neno lundo bila kulitafutia kamati.

Kesho yake chuo kizima kilishuka korongoni. Nyani waliopaswa kuwa darasani, ngedere, pofu, nyumbu, hata wahadhiri waliovaa tai. Wakalivaa lundo kwa majembe na matenga, na Bi Mashavu akawatazama kutoka kwenye jiwe lake, amejilaza kifudifudi, anaitikia shikamoo za wanafunzi mmoja mmoja.

Ngiri lakini ni Ngiri. Alijaza mkokoteni wa kwanza, ngwara, ngwara, akaupeleka nyuma ya maktaba akaumwage huko. Alipoinua mikono ya mkokoteni, akaona mawe meupe. Chokaa bado mbichi.

Akageuza. Ngwara, ngwara, mpaka nyuma ya kantini. Mawe meupe.

Akaenda nyuma ya mabweni, pale penye vichaka, mahali ambapo hata wapenzi huogopa nyoka. Akachungulia. Meupe, yamejipanga mpaka ndani ya vichaka.

"Huyu mzee mwaka huu anapita wapi?" akanong'ona Ngiri, jasho linamtoka puani. "Anakuja kwenye mahafali au anakuja kupima shamba?"

Na huko vichakani, kama angesikiliza, angesikia chwaka, chwaka, halafu kicheko kimezibwa kwa mkono.

Mkokoteni umejaa, wanafunzi wanazidi kuleta, na pa kuficha hapapo. Ndipo Ngiri akakaa chini, akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu aajiriwe. Akafikiri. Akaamuru maganda na wali viende kwenye shimo kando ya migomba ya chuo, vifukiwe, viwe mbolea. Chupa zikafungwa kwenye magunia, wakaitwa wanunuzi wa chupa wa mjini, nao wakaja na mikokoteni yao wakishangaa kwa nini hawakuitwa siku zote. Karatasi wakapewa mchwa, ambao walizisoma zote mpaka zikaisha. Vilivyobaki, vile visivyofaa kwa lolote, vilijaza shimo dogo tu mbali na njia ya maji. Wakubwa walishangaa. Lundo lile kubwa, kumbe nusu yake ilikuwa mbolea, na sehemu kubwa ya iliyobaki ilikuwa bidhaa ya mtu mwingine.

Siku ya mahafali ikafika, mawingu yamening'inia chini. Korongo lilikuwa tupu na limefagiliwa. Profesa Tembo alisimama mlango wa nyuma wa ukumbi na joho lake. Ngiri alisimama chini, karibu na jiwe la Bi Mashavu, kumpokea mgeni.

Kwa kuwa hakuwa na la kufanya, Ngiri akaanza kutazama huku na huku. Akamtazama Bi Mashavu. Akaona kwenye jiwe, pembeni mwa kitambi chake, vumbi jeupe. Akamtazama Bi Subira, naye vumbi jeupe. Kisha kichanga kimoja kikatoka pangoni, kikajikwaa, kikaanguka chali miguu juu. Kitumbo cheupe pee!

Ngiri akasogea karibu. "Bi Mashavu," akasema taratibu, "hebu simama."

Huko njia panda vumbi lilikuwa linatimka. Du, du, du. Mzee Kifaru anakuja. Ngiri akipiga kelele sasa, Profesa atajua, mgeni atarudishwa barabara ya mbele, na kesho asubuhi mkokoteni utarudi ukingoni. Na mvua ndiyo hiyo hapo, inanusika.

"Simama, nimekwambia. Nataka kuona tumbo lako."

Bi Mashavu hakuinuka. Alisema kwa sauti ndogo, bila haraka. "Nitasimama, Bwana Ngiri. Nitasimama na wewe utapanda kwa Profesa, utapiga magoti, na utamwambia nini? Kwamba hukuambiwa? Kwamba ulimwambia umeambiwa? Kwamba chuo kizima kimebeba takataka kwa amri ya pimbi, na wewe ndiye uliyeshika mkokoteni?"

Mkia wa Ngiri, uliokuwa umesimama kama mlingoti, ukashuka polepole mpaka ukalala.

"Lala, bibi," akasema. "Jua zuri leo."

Jua lenyewe halikuwepo.

Mzee Kifaru alifika njia panda, akainamisha kichwa, akatafuta weupe, akauona, akaufuata. Akashuka korongoni, du, du, du. Katikati ya korongo akasimama. Akainua pua. Akanusa kulia, akanusa kushoto. Profesa Tembo kule juu alishika joho lake kwa mkonga asiyumbe.

"Mwaka huu sipigi chafya," akasema Mzee Kifaru. "Miaka yote mnanipitisha kwenye marashi mpaka kichwa kinauma, na nyuma ya marashi kuna kitu kimeoza. Nilidhani pua yangu imezeeka. Leo nanusa jiwe, nanusa majani, nanusa mvua. Nani aliichagua njia hii?"

Bi Mashavu alifumba macho kama amelala. Ngiri alitazama kwato zake.

"Sisi, mheshimiwa," akasema Profesa Tembo, na akakohoa.

"Mmefanya vyema. Mwaka ujao msihangaike na chokaa. Nitapita ninapotaka, kwa pua yangu, na siku sitawaambia."

Akapanda ukumbini. Majoho yakavaliwa, vigelegele vikapigwa, na nyumbu aliyekuwa amerudia mwaka mara nyingi naye akahitimu, basi furaha ikaenea.

Jioni mvua ikaja. Haikupiga hodi. Shwaaa! Ikamiminika kilima kizima, ikateremka korongoni kwa kishindo, na Bi Mashavu akakaa mlangoni na wanawe nyuma yake, anaitazama. Maji yakaja mekundu kwa udongo, yakazunguka mawe, yakapita mbele ya kizingiti, yakaenda zake. Hakuna godoro, hakuna chupa. Yalipita tu, kama maji yanavyotakiwa.

"Wifi, wewe," akasema Bi Subira, "nilidhani tumekwisha."

"Na mimi," akasema Bi Mashavu, na kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, akalala chali. Tumbo lake jeupe likapanda na kushuka, akakoroma kuliko mumewe.

Tangu siku ile mapipa ya rangi rangi yana mikokoteni yake, kila pipa na wake. Na kama asubuhi moja Ngiri amechoka, akaanza kuusukuma mkokoteni kuelekea ukingoni, hukuta pale jiwe moja limepakwa jana yake. Hugeuza mkokoteni, akasalimia kwa heshima kule chini, na huitikiwa.

Basi jueni hivi: mkubwa anayefagia anapopita mgeni tu, siku moja mdogo atamchagulia mgeni njia.

Hadithi imekwisha, nyanyukeni mkalale. Lakini kwanza, hayo maganda ya machungwa mliyoyasukuma chini ya mkeka nimeyaona.